Galaksi Nimeitegea, Sikuitafuta

Darubini yangu ni ya Dobson, kioo cha inchi 8, ya kusukumwa kwa mkono. Nilikuwa na hamu kubwa ya kuiona NGC 3115, galaksi ya umbo la lenzi iliyo katika kundinyota la Sekstanti. Lakini kwetu Malindi galaksi hii hupita karibu na utosi, na huko juu Dobson haiongozeki: bomba likishasimama wima, kulizungusha hakulipeleki popote. Nikaamua kuivizia mapema, ingali mashariki.

Nilichagua siku za kiza za Februari, kaskazi ikivuma na anga ni kavu. Tulikwenda Mambrui, mbali na taa za mji, tukajibanza nyuma ya ukuta, maana upepo hutikisa bomba na kupaka kioo chumvi.

Ufunguo ni Alphard, nyota ya rangi ya chungwa iliyo peke yake pale ilipo. Galaksi huifuata nyuma kwa dakika kama 38, ikipita kaskazini yake kwa karibu digrii moja. Basi saa mbili usiku nilitia lenzi ya kutazamia ya milimita 25, inayokuza mara 48 na kuonyesha kipande cha anga cha digrii moja hivi. Nikaiweka Alphard katikati, nikasukuma bomba kaskazini polepole hadi nyota ikabaki ukingoni kabisa. Kisha mikono mbali!

"Ami, mbona huigusi tena?" mtoto wa kaka yangu akauliza.

"Dunia inazunguka, mwanangu. Itatuletea yenyewe."

Muda ule wa kungoja hauendi bure, macho huzoea giza. Zilipotimia dakika zake, ikaingia: mstari wa ukungu mweupe, umechongoka ncha zote mbili, kitovu kinang'aa. Tunaiona kwa ubavu. Ni sahani ya nyota isiyo na mikono ya kujisokota, gesi yake ni haba, na nyota changa ni chache mno. William Herschel aliigundua mwaka 1787. Nuru yake husafiri takriban miaka milioni 32 kutufikia.

Nilimwambia kijana kwamba kitovuni mna shimo jeusi lenye uzito wa Jua kama bilioni moja. Na kwamba setelaiti ya Uhuru, iliyosaidia kulitambua shimo jeusi la Cygnus X-1, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini hapo Ngomeni. Hilo nadhani kila mtoto wa Malindi angepaswa kulijua.

Kwa lenzi ya milimita 10, inayokuza zaidi na kuonyesha kipande kidogo zaidi cha anga, kitovu kilijitenga vizuri zaidi na sahani, ila ilibidi kusukuma bomba kila mara. Ukitazama kando yake kidogo, badala ya kuikazia macho, ncha zile hurefuka.