Habari za Lamu zinazoandikwa ofisini

Ukifuatilia habari za mradi wowote mkubwa hapa Lamu, utaona kwamba hadi jioni tovuti tatu au nne huwa zimezichapisha kwa maneno yale yale, nukuu zile zile na picha ile ile ya waheshimiwa waliosimama mbele ya bango. Kinachotofautiana ni jina la mwandishi tu. Afisa wa mawasiliano huituma taarifa kwenye kundi la WhatsApp la wanahabari, na ripota anayelipwa kwa kila habari inayotoka, ambaye nauli ya boti hadi Faza ingetoka mfukoni mwake, hubadilisha sentensi ya kwanza na kuipeleka kwa mhariri. Simlaumu sana ripota huyo. Namlaumu mwenye gazeti anayetaka kurasa zijae bila ya kulipia safari hata moja.

Hatuko peke yetu. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff walieleza kwamba katika magazeti makubwa ya Uingereza waliyoyachunguza, asilimia 60 ya habari za ndani zilitokana kabisa, au kwa sehemu kubwa, na mashirika ya habari au maafisa uhusiano. Hayo mawili mimi siyaweki kapu moja, kwa kuwa mwandishi wa shirika la habari kama Reuters kwa kawaida amekwenda na ameuliza, ilhali taarifa ya ofisi imeandikwa na mwenye jambo lake.

Taarifa kama hiyo haifichiki. Nukuu zake ni ndefu kiasi kwamba hakuna binadamu awezaye kuzitamka kwa pumzi moja, vyeo vimeandikwa kikamilifu, na mahali fulani karibu na mwisho husemwa kwamba “wakazi wameupokea mradi huo kwa furaha”, wala hatajwi mkazi hata mmoja. Sentensi hiyo ndiyo inayonikera kuliko zote. Kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichopangwa kujengwa Kwasasi, hapa Lamu, cha megawati 1,050, kilipewa leseni na NEMA, mamlaka ya serikali ya kusimamia mazingira, mwaka 2016, na tarehe 26 Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ikaifuta, sababu mojawapo kubwa ikiwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Jambo ambalo taarifa hulipitia kwa mstari mmoja ndilo lililouangusha mradi mzima! Ripota aliyewauliza watu wa huko waliitwa lini mkutanoni, na walionyeshwa karatasi gani, alikuwa na habari yake mapema kuliko majaji.

Mhariri asiye na fedha za kumtuma mtu Kwasasi anaweza angalau kumpigia simu mvuvi mmoja kabla ya kuchapisha kwamba wakazi wamefurahi. Akishindwa hata na hilo, aandike juu kabisa kwamba maneno yote ni ya ofisi iliyotoa taarifa, na jina la mwandishi wake aliondoe.