Wamarekani na ndoa zao za magari
Ford na Chevy (Chevrolet) kule Marekani ni Simba na Yanga kabisa, yaani babu Ford, baba Ford, mjukuu naye Ford, hata giaboksi imfie njiani atarudi kununua ileile. Na pikapu za Ford F-Series zinaongoza kwa mauzo ya pikapu kule tangu 1977, sio mchezo. Mi nawaelewa zaidi watu wa Toyota Camry na Honda Accord, mapenzi yao yana sababu, gari inawaka kila asubuhi basi, ila bado utasikia "gari za Wajapani" wakati Accord ilianza kuundwa palepale Marekani, Ohio, mwaka 1982! Halafu kuna marehemu Irv Gordon, Volvo yake ya 1966 ilipita maili milioni 3, jamaa alikuwa anabadilisha oili kwa wakati, wengine tunasubiri taa iwake.