Siku moja maishani mwangu: kusimama Biashara Street na mguu uliotibiwa mishipa

Nauza leso katika duka moja la Biashara Street, Mombasa, na nyumbani ni Likoni, ng'ambo ya feri. Mguu wangu wa kushoto ulitibiwa mishipa iliyovimba: mshipa mkubwa ukafungwa kwa joto la leza, midogo iliyobaki ikadungwa sindano za povu, dawa ya kuifunga. Siku hiyohiyo nilitoka nikitembea mwenyewe. Maumivu ya zamani, yale ya mguu kuwa mzito kama si wangu, yamekwenda zake. Yamebaki mengine madogo madogo, na wanawake wenzangu wa kazi za kusimama wananiuliza kila siku naishi nayo vipi. Basi hii ni Jumatano yangu moja, kaskazi ikivuma na joto limepamba moto.

Saa kumi na moja alfajiri

Nikishaswali narudi kujilaza kidogo, miguu juu ya mito miwili. Ndipo navaa soksi ya kubana. Usiku kucha damu imepata nafasi ya kurudi juu, mguu umenywea. Nikianza kuzunguka na masufuria kwanza, kifundo kinajaa na soksi haipandi ila kwa vita.

Soksi hii nilipimiwa. Walizungusha futi kifundoni, kwenye shavu la mguu na pajani, wakaandika. Inabana zaidi kifundoni, na kadiri inavyopanda ndivyo inavyolegea, ili damu isukumwe kwenda juu. Kuivaa kuna namna yake: naigeuza ndani nje mpaka kisiginoni, naingiza vidole, nahakikisha kisigino kimekaa pahali pake, halafu naipandisha kidogo kidogo kwa viganja. Mikononi nina glavu za mpira za kuoshea vyombo, maana zinashika kitambaa vizuri na kucha hazikitoboi. Mkunjo mmoja tu ukibaki nyuma ya goti utanikata mpaka jioni, kwa hivyo napitisha mkono mara ya mwisho kabla ya kuvaa buibui.

Wengi wanaofanyiwa leza huambiwa wavae wiki moja au mbili basi. Mimi daktari alinitaka niendelee nayo siku za kazi, kwa vile nasimama.

Saa kumi na mbili na nusu, ferini

Watu wa Likoni mwaijua asubuhi ya feri. Kutembea hakuniumizi. Kinachoniumiza ni kule kusubiri, umebanwa mbele na nyuma, hakuna pa kuegemea.

Nilieleweshwa sababu na sasa siwezi kuisahau. Shavu la mguu ni pampu. Kila hatua misuli yake inajikaza, inabana mishipa iliyomo ndani, na damu inapanda kurudi moyoni. Ndani ya mishipa mna vali ndogo zinazofunga ili damu isishuke tena. Zangu, kwenye ule mshipa mrefu unaopita upande wa ndani wa mguu toka kifundoni hadi kinenani, zilikuwa haziungani tena, damu ikawa yarudi chini na kutuama. Ndiyo maana ulifungwa. Watu hushtuka wakisikia mshipa umefungwa, wakauliza damu itapita wapi. Sehemu kubwa ya damu ya mguu hupita mishipa ya ndani zaidi tangu mwanzo, nayo ni mizima.

Kwa hivyo katikati ya umati nanyanyua visigino, nashusha, nanyanyua, nashusha. Chini ya buibui hakuna anayeona. Tukifunguliwa nashuka ule mteremko taratibu, nikivuka natafuta matatu ya Posta, na nikipata kiti cha kando ya njia naunyoosha mguu na kuzungusha kifundo mpaka Digo Road.

Saa mbili mpaka saa sita

Asubuhi ndiyo kazi yenyewe. Mteja wa leso hataki kuonyeshwa moja. Anataka uteremshe rundo, ufungue pindo aone rangi, asome jina, akunje uso, useme "basi tazama hii mamangu", uteremshe jingine. Ukimaliza unakunja zote upya. Zamani nilikuwa nafanya haya nikiwa nimesimama pale pale nyuma ya meza, saa baada ya saa.

Nilimwendea mwenye duka nikamweleza. Nilimwambia, "Mzee, kazi nitafanya ile ile, ila naomba kigoda cha kuegemeza mguu na nafasi ya kukunja nikiwa nimekaa." Alikubali bila maneno mengi. Nalisema hili kwa sababu wengi wetu tunaogopa kuomba, tunaona tutaambiwa tumechoka kazi. Ombi lenyewe ni kigoda. Sasa nahudumia nimesimama, nakunja nimekaa, na kila baada ya muda natembea mpaka mlangoni na kurudi. Kukaa nako kukizidi si dawa. Goti likikunjwa muda mrefu damu inalala vilevile.

Leo alikuja bi mmoja wa Mji wa Kale, mteja wetu wa siku nyingi, akaniona nimejishika paja.

"Mwanangu, si ulitibiwa weye? Mbona bado?"

Swali hili ndilo linalowavunja watu moyo. Nilimkalisha nikamweleza. Mshipa uliofungwa kwa joto haupotei siku hiyo. Unabaki mle mle, unakauka, unanyauka, na mwili unaula polepole kwa wiki na miezi. Wakati unanyauka unavuta. Nikinyoosha mguu ghafla nasikia upande wa ndani wa paja kama uzi uliovutwa kwenye upindo, nyama yote inajikunja kuufuata. Mvuto huo ulikuwa mkali zaidi wiki ya kwanza na ya pili, kisha ukaanza kupungua.

Halafu pale palipopigwa sindano za povu pana vinundu vidogo, ukivibonyeza vinauma: ni damu iliyonaswa ndani ya mshipa uliofungwa. Ngozi juu yake imeacha doa la rangi ya kahawia. Doa kama hilo huchukua miezi kufifia, pengine mwaka. Na chini ya goti, upande wa ndani, pana kipande cha ngozi chenye ganzi. Neva ya ngozi hupita kando kando ya mshipa ule, na joto likiifikia hukasirika. Mara nyingi hali hurudi yenyewe, ila neva haina haraka.

Bi alisikiliza akasema, "Basi kumbe ni kupona huko." Akanunua jozi mbili.

Saa sita na nusu, adhuhuri

Hapa ndipo pana mambo ambayo karatasi ya maagizo ya hospitali haikuyaandika. Kutawadha kunataka nivue soksi, na soksi ya kubana haivaliki na mguu wenye maji. Inakwama kifundoni, unavuta, unatokwa jasho, mwisho unachanika uzi. Nimejiwekea taulo ndogo na poda kwenye mkoba. Natawadha, naswali miguu mitupu, kisha najilaza nyuma ya marobota ya leso, miguu juu ya robota moja, dakika kama kumi na tano. Mguu ukishakauka na kunywea, napaka poda, navaa upya. Saa yangu ya chakula yote inaishia hapo, na naona imetumika vyema.

Kwenye swala yenyewe, kikao cha attahiyatu kilinishinda mwanzoni. Kukunja goti na kulikalia kunavuta paja papo hapo. Nikawa naswali kitini, maana asiyeweza ameruhusiwa. Sasa nimerudi chini, ila natanguliza mkono na kuteremka taratibu. Dada yeyote aliyetibiwa mshipa wa paja asijilazimishe kikao hiki mapema kwa kuona haya mbele za watu.

Saa nane, saa tisa

Joto. Bati la duka linawaka na feni inazungusha hewa moto. Joto hutanua mishipa, kwa hivyo saa hizi mguu unajaa kuliko saa yoyote, na kaskazi ni kazi ngumu zaidi kwangu kuliko miezi ya kusi. Nakunywa maji na nanyunyizia soksi maji ya baridi juu juu, ikikauka inapoza. Dawa ya maumivu leo sikunywa. Nikizidiwa nina niliyoandikiwa, lakini simgawii mtu. Hizi za jamii ya ibuprofeni hazimfai mwenye vidonda vya tumbo wala mwenye matatizo ya figo, na mwenye presha amuulize daktari kwanza.

Saa kumi na moja jioni

Tumefunga. Badala ya kushukia ferini moja kwa moja, nateremka mapema naingia Mama Ngina, natembea kando ya bahari chini ya mibuyu, upepo ukinipiga. Mwendo wa kawaida, viatu bapa. Baada ya siku nzima ya kusimama ungedhani mguu unataka kitanda, lakini ukitembea hivi nusu saa unauona unakuwa mwepesi hatua kwa hatua. Hapa ndipo ninapoamini maneno ya ile pampu. Kisha navuka.

Usiku, nyumbani

Mama mkwe ana mapenzi na mimi, na mapenzi yake ni karai la maji ya moto yenye chumvi na chupa ya mafuta ya mbarika. Kwao mguu ukiuma unakandwa. Nilizungumza naye kwa adabu. "Mama, mafuta nipake, nayataka, ngozi yakauka kwa soksi. Lakini usinikande kwa nguvu, na maji yawe ya baridi." Maji ya moto yanaitanua mishipa ileile ninayoitunza. Kukanda nako kunanitia hofu kwa jambo moja: mguu unaouma na kuvimba unaweza kuwa na bonge la damu, na bonge halifai kusuguliwa. Sasa ananipaka mafuta kwa kiganja, toka kifundoni kwenda juu, taratibu, huku akinipa habari za jirani. Huo ndio wakati wangu mzuri wa siku.

Soksi naifua kila usiku kwa mkono, maji ya vuguvugu na sabuni laini. Siikamui kwa kuisokota. Naibana ndani ya taulo na kuianika kivulini, maana jua na pasi huua mpira wake. Baada ya miezi kama sita hulegea, na soksi iliyolegea ni pambo tu.

Kabla ya kulala naangalia miguu yote miwili pamoja chini ya taa. Hili naomba mlishike hata kama mengine mtayasahau. Maumivu yangu ni ya kuvuta, yanakuja na kwenda, yanapungua nikitembea. Mguu mmoja ukivimba ghafla kuliko mwenzake, shavu likawa gumu, la moto na lenye kuuma, au wekundu ukaenea na homa ikaja, usisubiri miadi, nenda siku hiyohiyo. Pumzi ikikata, kifua kikachoma ukivuta hewa, au ukikohoa damu, ni usiku huohuo, kwa gari lolote litakalopatikana, maana huenda bonge limefika mapafuni. Mwambie daktari moja kwa moja kwamba ulitibiwa mishipa ya mguu na lini.

Wiki ijayo nina altrasaundi ya kuangalia kama mshipa umebaki umefungwa. Nimeandika maswali nyuma ya risiti ya duka: ganzi ya chini ya goti, kama ingali inatarajiwa, kile kinundu kikubwa, kama kinaweza kutobolewa kwa sindano kitolewe damu, na mguu wa kulia, ambao umeanza kuonyesha mistari ya buluu nyuma ya goti, kama utahitaji kupimwa nao sasa au baadaye.