Geuka kwa saa, si kwa mahali: mbio ndefu ya kundi katika joto la Tanga

Anayejiandaa na Kilimanjaro Marathon akiwa Tanga ana mzigo ambao mwenzake wa Arusha hana. Mashindano ya Moshi huwa mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, kwa hiyo mbio zake ndefu zote zinaangukia Desemba, Januari na Februari, kaskazi tupu. Hata saa 11 na nusu alfajiri fulana imeshalowa kabla ya kilomita ya pili. Ndiyo maana mbio ndefu hukimbiwa kwa kundi: kuna maji, kuna macho ya watu, na kuna wa kukuamsha Jumapili ukitaka kujifunika shuka.

Lakini kundi hilohilo ndilo linaloharibu mbio ndefu za watu wengi, na kila mara kwa njia moja. Mnatoka uwanja wa Mkwakwani mkiwa 20 na kitu, mmekubaliana kwenda hadi Amboni na kurudi. Wawili wa mbele wana miguu mizuri siku hiyo, wanakaza kidogo. Walio nyuma yao hawataki kuachwa, nao wanakaza. Mpaka kilomita ya sita mnyororo umenyooka karibu kilomita mbili, mgeni yuko peke yake mkiani, anahema, na aibu inamzuia kugeuka kabla ya wengine. Anafika, anageuka, na kurudi anatembea juani. Jumapili inayofuata haji.

Dawa yake ni ndogo: kundi ligeuke kwa saa, si kwa mahali. Mkikubaliana dakika 55, kila mtu anakwenda kwa mwendo wake, na dakika ya 55 ikigonga anageuka pale alipo, hata kama mapango ya Amboni yamebaki mita 200. Anayekimbia kilomita moja kwa dakika 6 atakuwa amefika kama kilomita 9.2. Wa dakika 7 atakuwa kwenye 7.9. Wa dakika 8 yuko kwenye 6.9. Wakigeuka, wa mwisho amekuwa wa kwanza, na wote wanarudi mjini ndani ya dakika chache. Anayechoka zaidi ndiye aliye karibu zaidi na nyumbani. Aliyekwenda kwa pupa naye amejiongezea njia ya kurudi, na hakuna kocha anayefundisha vizuri kuliko hiyo.

Mgeni ambaye hajawahi kuzidi kilomita 10 asilazimishe dakika 55. Aseme kabla ya kuondoka: mimi nageuka dakika ya 35. Atafutiwe mwenzake mmoja wa kugeuka naye, kisha aongeze kama kilomita mbili kwa wiki, na kila wiki ya nne apunguze badala ya kuongeza. Anayeruka kutoka 10 hadi 18 kwa sababu kundi lilikuwa tamu hulipa siku ya pili au ya tatu, kwenye ugoko au kwenye kano ya kisigino, na huo mguu unaweza kumlaza nje wiki nne.

Kuhusu mwendo, kipimo cha kuaminika ni mdomo. Kama unaweza kumweleza jirani yako namna ya kupika mbaazi za nazi, tangu kuloweka mpaka kuipua, bila kukatiza sentensi ili uvute pumzi, uko sawa. Ukianza kujibu kwa neno moja moja, punguza. Kwa namba: mtu wa nusu marathoni ya saa mbili, yaani dakika 5 na sekunde 41 kwa kilomita, mbio yake ndefu iwe dakika 6:30 hadi 7:00, na asubuhi zenye mvuke mzito aongeze tena sekunde 20 hadi 40 bila kuona haya. Jasho halikupozi kwa kutoka; linakupoza kwa kukauka. Hewa yetu ya pwani imeshiba maji, kwa hiyo jasho linachuruzika hadi kwenye soksi na joto linabaki mwilini. Moyo unagawa damu huku ngozini na huku miguuni, mapigo yanapanda ingawa spidi ni ileile. Saa ya mkononi haijui hilo. Mtanzania Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya dunia ya marathoni Tokyo, Septemba 2025, katika hali ya joto, alitumia saa 2:09:48, zaidi ya dakika tano nje ya muda wake bora. Akili ilikuwa kubakiza kitu kwa ajili ya uwanjani, alikomshinda Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03. Kama bingwa wa dunia anapunguza kwa sababu ya joto, sisi ni nani?

Maji ndiyo kazi kubwa ya waandaaji. Hesabu nusu lita kwa mtu kwa saa: watu 20 kwa karibu saa mbili ni lita 20, dumu moja ambalo bodaboda analimudu. Weka vituo viwili pembeni ya njia ya Amboni, kimoja karibu na kilomita ya nne na kingine karibu na ya saba. Kwa kuwa mnarudi njia ileile, kituo kimoja unakutana nacho mara mbili, basi vituo viwili ni vinywaji vinne. Kila mtu aje na kikombe chake cha plastiki. Chupa ndogo za kutupa zinaishia mtaroni, na wenye mtaa wanatukumbuka kwa hilo. Kwenye kituo cha mbali ongeza deli la barafu na vitambaa. Kitambaa cha barafu shingoni, chini ya kofia, kinafanya kazi kuliko kikombe cha tatu cha maji.

Kinywaji cha kutengeneza nyumbani kinatosha kabisa. Lita moja ya maji safi, vijiko sita bapa vya chai vya sukari, robo kijiko cha chai cha chumvi, ndimu moja. Onja: kiwe na chumvi ya machozi, si ya mchuzi. Watu huzidisha chumvi wakidhani wanajikinga na misuli kubana, matokeo yake ni kichefuchefu. Madafu ni mazuri baada ya mbio, ila yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, na jasho linaondoka na sodiamu zaidi. Kunywa dafu lako pamoja na kitu cha chumvi.

Kujua kiasi chako, jipime. Kabla ya kutoka kilo 62.0, umekunywa nusu lita njiani, umerudi kilo 60.8. Umepoteza lita 1.2 na hiyo nusu, jumla 1.7 kwa dakika 110, kama lita 0.9 kwa saa. Huhitaji kuirudisha yote njiani. Ila ukirudi na uzito umeongezeka, umekunywa kupita kiasi, na hilo ni hatari kweli: chumvi ya damu inazimuka, kichwa kinauma, mtu anatapika, na wenzake kwa kumwonea huruma wanazidi kumpa maji. Kunywa kwa kiu, si kwa woga.

Chakula cha asubuhi: amka saa 10 na robo, ndizi mbivu mbili au slesi mbili za mkate, na chai ya rangi yenye sukari. Vitumbua, maandazi na chapati viache kwa kurudi. Mafuta hukaa tumboni muda mrefu, na kichomi cha kilomita ya tano mara nyingi kilianzia kwenye kikaango. Maharage ya jana usiku nayo yapunguze. Mbio zikizidi dakika 75 unahitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Ndizi moja ya kawaida inakupa kama 25. Tende tatu nne kwenye mfuko wa nailoni ni nyepesi kubeba, lakini toa kokwe nyumbani. Kutafuna kokwe gizani ukiwa unahema si jambo la kujaribu.

Raba. Wengi wetu tunavaa za mitumba, hakuna ubaya, ila jua kuzikagua. Ziweke mezani zikuelekeze visigino, inama macho yawe usawa wa meza. Kama kisigino kimelalia ndani au nje, mwenye nazo wa kwanza ameshazifinyanga kwa mguu wake, na goti lako ndilo litakalorithi. Kisha bonyeza kwa dole gumba sponji ya kati, juu ya soli: ikiwa ngumu kama ubao, au ina mikunjo mingi iliyolala, imekufa hata kama juu inang'aa. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa dole gumba, kwa sababu mguu unavimba kwenye joto; asiyeacha nafasi hiyo hupata kucha nyeusi. Soksi za pamba zikilowa hukaa zimelowa, na hapo ndipo malengelenge huzaliwa. Mafuta ya mgando yapakwe mapajani, kwapani, kwenye chuchu, na kwa kina dada chini ya ukanda wa sidiria. Asiyepaka atajua akioga.

Barabarani, kimbieni upande wa kulia mkitazama magari yanayokuja, wawili wawili, na likija lori mtu mmoja mmoja. Wa mbele aite kwa sauti: "Gari!" "Shimo!" "Tuta!" Njia ya Pongwe, pamoja na uzuri wake, ina malori ya saruji, na ya Amboni ni ileile ya mpaka wa Horohoro, kwa hiyo Jumapili alfajiri ni lazima, pamoja na fulana ya rangi kali na taa. Lami huinamia pembeni, na ukikaa kulia kwenda na kurudi, mguu wa kulia unakanyaga chini zaidi muda wote. Maumivu ya nje ya goti huanzia hapo. Penye ukingo wa udongo uliosawazika, ushuke. Kurudi, jua linapiga uso na bega la kushoto, kofia yenye ukingo si urembo.

Kuna ishara moja ambayo kila mwanakundi lazima aijue. Mwenzako akianza kuyumba, akajibu maneno yasiyoeleweka, au akasema anasikia baridi wakati wote mnaungua, mbio zake zimekwisha. Kivulini, fulana ivuliwe, maji mwili mzima, barafu shingoni, kwapani na kwenye kinena, mmoja apepee bila kupumzika, mwingine aite gari la kwenda hospitali. Mpozeni palepale na msiache mkiwa garini. Akikataa kwa kusema yuko sawa, msimsikilize. Joto likipanda kichwani, akili ndiyo inayotangulia kuondoka.

Ondokeni saa 11 na nusu, baada ya swala, na kabla ya hatua ya kwanza mtu mmoja ahesabu vichwa na kuandika namba, pamoja na dakika ya kugeuka ya kila mgeni. Mkirudi Mkwakwani saa 1 na dakika 20, mtembee kidogo, hesabu irudiwe. Kwa kuwa wote wamegeuka kwa saa, anayekosekana baada ya dakika kumi hajachelewa, amesimama mahali. Mliondoka 23, wako 22: bodaboda anawasha pikipiki akiwa na maji na barafu, na hakuna anayeondoka kwenda kunywa supu mpaka wa 23 aonekane.