Nilimdanganya kuhusu Sev

"Mama, kwani Sev yuko wapi?"

Nilikuwa nakunja nguo. Wala sikuuliza Sev gani. Milio ya risasi ilikuwa imekatika ghafla kule sebuleni, na kwa yeyote aliyewahi kuicheza Star Wars: Republic Commando mpaka mwisho, ukimya ule una maana moja tu. Mizinga imemaliza kazi, meli ya adui imeanguka, na Sev, askari wa kikosi chako mwenye namba 07, haitiki redioni.

Mwanangu alisimama mlangoni na padi mkononi, uso wa mtu aliyedhulumiwa. "Nimebonyeza kila kitu. Haikubali kurudi nyuma."

Nikamwambia angoje nimalize nguo, ziko nyingi. Zilikuwa zimebaki mbili.

Aliyemwekea gemu ile ni Mjomba wake, nani mwingine. Ilitolewa upya mwaka 2021 kwa ajili ya PlayStation 4 na Switch, ikiwa na ile hadithi peke yake. Ule upande wa kupambana na watu wengine mtandaoni waliuacha, na sijasikia mtu akiulilia. Picha zake zimezeeka. Mwanangu alipoziona mara ya kwanza aliguna, kisha akacheza siku tatu mfululizo bila kuguna tena.

Sisi tuliichezea kwenye kompyuta, mwaka 2007, miaka miwili baada ya kutoka. Mdogo wangu alikuwa na miaka 12, mimi 16. Ni gemu ya mchezaji mmoja, lakini sisi tuliicheza wawili, na kazi yangu ilikuwa kitufe kimoja. Yeye alishika kipanya na vitufe vya kutembelea. Mimi nilikaa ubavuni, kidole juu ya kitufe cha amri. Akilenga mlango, nabonyeza, Scorch, mmoja wa askari watatu unaowaongoza, anakwenda kutega bomu. Akilenga nyuma ya kizuizi, kinatokea kivuli cha askari kuonyesha nafasi ya mdunguaji, nabonyeza, Sev anaishika. Fixer, yule wa tatu, aingilie kompyuta ya adui? Kitufe kile kile. Hiyo ndiyo fahari ya gemu yenyewe, na katika nilizocheza baadaye sijaona iliyorahisisha kuamrisha watu namna ile.

Tatizo langu papara. Nilikuwa nabonyeza kabla uwanja haujasafishwa, na Scorch wa watu, mtiifu kama nini, anapiga goti mlangoni kutega bomu huku roboti wakubwa wanammiminia moto mgongoni.

"Dada! Umemuua!"

"Si utamwinua."

Na kweli alikuwa anamwinua. Mle ndani hakuna kifo cha kweli. Mwenzako akianguka unamkimbilia, unamwinamia sekunde chache, kasimama, anatoa na utani juu. Ukianguka wewe, vita unaiona kutoka sakafuni, na unapewa kuchagua: uwaite waje wakuinue, au uwaache waendelee na walichoagizwa. Mchezo unaisha mkilala wote wanne. Ukishaizoea sheria hiyo unakuwa jeuri. Mimi nilikuwa jeuri sana, kwa kitufe kimoja.

Tuligombana kuhusu gemu ile kuliko tulivyogombana kuhusu jambo lolote mwaka ule. Mimi nilisema ni fupi. Na ni fupi: uwanja wa vita wa Geonosis, ile meli Prosecutor, misitu ya sayari ya Kashyyyk, basi. Mtu mzoefu anaimaliza mwishoni mwa wiki moja na bado analala vizuri. Nilisema pia bunduki ya kawaida haina nguvu. Unammwagia roboti mkubwa risasi mpaka zinakwisha naye bado anakuja, kama mtu anayekudai. Na korido. Korido, mlango, chumba, korido.

Yeye hoja yake ilikuwa moja. "Dada, hawa wanaongea."

Hilo sikuwa na la kulijibu. Wote wanne ni nakala zilizozalishwa kutoka kwa mtu mmoja, Jango Fett, lakini hutawachanganya hata ukifumba macho. Fixer mtu wa kanuni. Scorch haachi mzaha hata bomu likiwa mkononi. Sev anazungumzia kuua kama mwingine anavyozungumzia likizo, na ile nembo nyekundu kwenye vazi lake inaonekana kama damu ambayo hakujisumbua kuifuta. Kiongozi wao, Boss, ambaye ndiye wewe, kapewa sauti na Temuera Morrison, yule yule aliyemwigiza Jango kwenye filamu. Nikamwuliza, sasa kama ni nakala za mtu mmoja, mbona sauti nne? Akaniangalia kwa huruma. "Mbona mimi na wewe wa mama mmoja?"

Kitu kimoja tulikubaliana: kile kioo. Dunia yote unaitazama kupitia kioo cha kofia ya Boss. Ukimpiga adui wa karibu, damu au mafuta yanakurukia usoni, kioo kinachafuka, halafu mstari wa mwanga unapita na kukifuta. Hakuna mtu aliyewahi kutueleza kwa nini kitu kidogo vile kilitufurahisha. Tulikuwa tunasogelea maadui makusudi ili kichafuke.

Nikiwa peke yangu nilipenda zaidi Prosecutor. Meli iliyopotea imerudi, iko kimya, korido giza. Unaanza bila wenzako, unawaita redioni hupati jibu la maana, na moyo wako, wewe uliyekuwa unawatuma wafe kwa kitufe, unaanza kwenda mbio. Baadaye unawapata. Ninataja hili kwa sababu nadhani ndipo mdogo wangu alipofundishwa vibaya: kwamba katika gemu hii mtu akipotea, mtafute, utampata.

Basi tukafika Kashyyyk, tukafika mwisho. Kikosi kinagawanyika, kila mmoja na mzinga wake, ili waiangushe ile meli kubwa inayoning'inia juu ya mji. Wakaiangusha. Tukapiga kelele. Kisha Sev akaita redioni, amevamiwa, sauti ikakatika. Boss na waliobaki wanataka kumfuata. Wanaambiwa hapana, ondokeni sasa hivi, amri imetoka kwa jemadari Yoda mwenyewe. Wakaondoka. Majina ya watengenezaji yakaanza kupanda.

Mdogo wangu hakusema kitu. Akafungua tena sehemu aliyohifadhi mwisho, akacheza. Sev akapotea. Akafungua tena. Safari hii akakimbia kuuacha mzinga, akatafuta njia ya kwenda upande wa Sev, akapapasa kuta zote. Hakuna njia. Akafungua tena. Kufikia mara ya tano au ya sita nikaona shingo yake, ile sehemu ya nyuma ya masikio, imelowa, na nikaelewa kwamba analia kwa namna ambayo hataki niijue.

Nikasema, "Nimesoma mahali kwamba ukiimaliza kwenye kiwango kigumu, Sev anaokolewa."

Sikuwa nimesoma popote. Maneno yalitoka yenyewe, na yalitoka yamenyooka, na "nimesoma mahali" yake kabisa. Mpaka leo sijui kama nilimhurumia au nilitaka kompyuta. Kama nilitaka kompyuta, basi hesabu zangu zilikuwa mbovu kupita kiasi, maana nilimpa sababu ya kuikalia karibu wiki mbili.

Kiwango kigumu kilimfanyia kitu. Papara zangu hazikuwezekana tena. Scorch akitumwa mlangoni mapema anaanguka mara moja, anayekwenda kumwinua naye anaanguka, mnabaki mnahesabiana. Siku ya tatu, kwa adabu zote, mdogo wangu akaniambia, "Dada, kitufe nitabonyeza mwenyewe." Nikahamishiwa kwenye kiti cha nyuma. Nilimwangalia akijifunza kungoja: kwanza nafasi za wadunguaji, kisha guruneti, kisha mlango. Akawa anaongea nao. "Sev, kaa hapo hapo. Usitoke." Sev alipoumia alikuwa anamtuma kwenye mashine ya tiba kabla hajajitibu mwenyewe, jambo ambalo kwa mchezaji yeyote mwenye akili ni upuuzi, kwa sababu kiongozi ndiye wewe. Nilikuwa na siku kumi na kitu za kumwambia ukweli. Nilikuwa napita mlangoni naona mgongo wake, naendelea na safari yangu.

Jioni moja akaniita. "Dada, njoo. Tumefika."

Alisema tumefika.

Nikakaa kwenye kiti changu cha zamani, ubavuni. Hakunipa kitufe. Meli ya adui ilikuwa imeshaanza kutoa moshi, na yeye alikuwa anapiga taratibu, bila kelele, tofauti kabisa na ile mara ya kwanza. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeganda juu ya vitufe, kidole kimoja kimeinuka kidogo kama mtu anayesubiri kujibu swali darasani. Nilikuwa namwangalia yeye, si kioo. Nuru ya milipuko ilikuwa inampita usoni, chungwa, nyeupe, chungwa. Meli ikaanguka. Safari hii hakuna aliyeshangilia. Aliondoa mkono kwenye kipanya, akauweka gotini, akaufuta jasho kwenye suruali, akaurudisha.

Sev akaita.

Maneno yale yale. Sauti ile ile, mahali pale pale, kama kaseti. Nilijua neno litakalofuata na bado nilijikuta nimebana pumzi, nikitumaini, mimi niliyeutunga ule uongo kwa kinywa changu, kwamba labda mtengenezaji mmoja wa gemu kule Marekani aliwahi kuwaza nilichowaza mimi. Mkwaruzo. Kimya. Kisha ile amri ya kuondoka.

Mdogo wangu alitazama mpaka majina yakaanza kupanda. Niliandaa maneno. Nilikuwa na "pole" na nilikuwa na "nilidhani". Hakunigeukia. Akasema, taratibu, kama anayejisemea, "Labda tulichelewa."

Angenilaumu ningejua la kufanya. Angenitupia kipanya ningejua zaidi. Lakini alikuwa ameshalibeba mwenyewe, kosa lote: aliwahi kuchelewa mahali fulani katika zile saa zote, kwenye mlango fulani, kwa roboti fulani. Nikasema, "Labda." Ndiyo, nikaongeza la pili juu ya la kwanza. Akazima kompyuta, akaniambia sasa naweza kuitumia.

Hatukulizungumza tena. Mwendelezo wa gemu kwenye kompyuta haukutoka kamwe, na kilichompata Sev mle msituni hakuna gemu nyingine iliyokuja kutuonyesha. Wachezaji wamebishana miaka yote hii: wapo wanaosema ule ni mwisho wa kinyama, hadithi imekatwa katikati, wapo wanaosema ndiyo sehemu pekee ya gemu inayofanana na vita. Mimi zamani nilikuwa kundi la kwanza. Sasa sina hakika niko wapi. Najua kwamba gemu ilikuzoesha kuinua watu kwa saa nane, halafu mara moja tu ikakunyima kitufe, na kwamba mimi nilikwenda kumuuzia mtoto kitufe ambacho hakipo.

"Mama. Nguo mbili tu hizo."

Nikachukua simu, nikamtumia Mjomba wake ujumbe wa sauti. Nikamwambia mpwa wako amemaliza, anamtaka Sev, nimwambie nini? Nilijaribu kuisema kwa mzaha. Nadhani sikufaulu, kwa sababu alikaa muda mrefu kujibu, na yeye si mtu wa kukawia kwa mambo ya gemu.

Jibu lilipofika lilikuwa la sekunde tisa. Linaanza na kicheko, au pumzi, nimelisikiliza mara tatu sijui ni kipi. Kisha anasema: "Mwambie aanze upya kwenye kiwango kigumu. Ila asichelewe kama mimi, Dada."

Hilo "Dada" la mwisho nalo sikulielewa. Alilivuta kidogo.

"Mjomba kasemaje?" mwanangu akauliza.

Nikampa simu asikilize mwenyewe.