Kufuli la seva nililodhani nimelifunga

Ilikuwa mwezi wa saba, msimu wa wapanda mlima umepamba moto, shemeji yangu akanipigia saa mbili usiku. Ana kampuni ndogo ya kupandisha wageni Kilimanjaro, ofisi iko hapa hapa Moshi, na tovuti yake nimeitengeneza mimi.

"Shemeji, kuna mgeni yuko Ujerumani anasema akifungua tovuti yetu inampeleka kwenye kamari. Ni yetu kweli hiyo?"

Nikaandika anwani kwenye laptop, tovuti ikaja salama. Nikaitafuta Google kwa simu, nikabonyeza, nikatua kwenye kamari. Wezi wa namna hii hupanga hivyo makusudi: mwenye tovuti asione kitu, anayetokea Google ndiye ageuzwe njia.

Tovuti niliijenga kwa WordPress, na wezi walipita kwenye programu-jalizi yake (kipande cha nyongeza) iliyokaa muda mrefu bila kusasishwa, na kuisasisha ilikuwa kazi yangu. Ila nilipoomba logi, yaani kumbukumbu za yaliyotokea kwenye seva, ili nijue wameingia lini na wamegusa nini, wenye ile seva ya kuchangia (kompyuta moja inayobeba tovuti za wateja wengi) hawakunipa. Usiku ule nikaamua nikodi seva yangu mwenyewe.

Nilichukua ndogo: RAM ya GB 1, diski ya GB 25, mfumo endeshi Ubuntu 24.04. Nikaiweka Frankfurt, maana wanaoifungua tovuti ya shemeji wengi wako Ujerumani na Uingereza. Sisi wa Moshi tukisubiri kidogo hatupotezi mgeni.

Jambo la kwanza nikawasha ufw, kinga inayochagua poti zipi, yaani milango ipi ya mtandao, ziwe wazi. Ikaonya kwamba huenda ikakata mawasiliano ya SSH, njia ninayoiendeshea seva nikiwa mbali, nikajibu y (ndiyo), na kweli haikukata, nikaendelea na kazi. Baada ya kama dakika ishirini umeme ukakatika, ruta ikazima. Uliporudi, seva haikunipokea tena. Mawasiliano yaliyokuwa wazi tayari ufw iliyaacha, lakini mapya yote iliyazuia, kwa sababu sikuwa nimetoa amri ya kuiruhusu SSH, `ufw allow OpenSSH`, kabla ya kuiwasha. Nilirudi ndani kupitia konsoli, dirisha la kuiandikia seva amri bila kupitia SSH, iliyo kwenye ukurasa wa wakodishaji. Kama unakodi seva, ijaribu konsoli hiyo siku ya kwanza, kabla hujaihitaji.

Kisha nikaja kwenye ufunguo wa kuingilia SSH badala ya nenosiri, na hapa ndipo nilipojifunza zaidi. Nilitengeneza jozi kwa `ssh-keygen -t ed25519`: wa siri ukabaki kwenye laptop, wa wazi ukaenda kwenye seva. Nikafungua faili la mipangilio ya SSH, `/etc/ssh/sshd_config`, nikaandika `PasswordAuthentication no`, nikaiwasha SSH upya, nikalala nikijua mlango wa nenosiri umefungwa.

Asubuhi, chai bado iko jikoni, nikafungua `/var/log/auth.log`, logi ya wanaojaribu kuingia. Mistari ilishuka bila kwisha. `Failed password for root`, yaani nenosiri la root, mtumiaji mkuu wa seva, limekosewa. `Failed password for invalid user admin`. Halafu test, oracle, postgres. Hakuna mtu aliyenilenga mimi. Ni roboti zinazopita anwani moja baada ya nyingine duniani kote zikigonga poti 22, mlango wa SSH, na seva yoyote iliyo hewani itagongwa. Kilichonishtua ni yale maneno yenyewe, `Failed password`. Kama nenosiri limefungwa, mbona seva bado inalipokea na kulipima?

Nilihangaika karibu saa nzima. Juu kabisa ya `sshd_config` kuna mstari wa `Include` unaosoma kwanza mafaili yaliyo ndani ya `sshd_config.d`. Humo nikakuta `50-cloud-init.conf`, ndani yake `PasswordAuthentication yes`. SSH hushika thamani inayokutana nayo kwanza. Ile no yangu ilikuwa imeandikwa vizuri na haikuwa na kazi yoyote.

Dawa ni kuiuliza seva yenyewe: `sudo sshd -T | grep passwordauthentication`. Ikajibu yes. Nikarekebisha lile faili la ndani, nikaiwasha SSH upya, nikauliza tena, ikajibu no. Bado sikuridhika. Nikajaribu kuingia kwa kuuzuia ufunguo makusudi, `ssh -o PubkeyAuthentication=no`, nikafukuzwa: `Permission denied (publickey)`. Nilifurahi kufukuzwa na seva yangu.

Mengine yalikwenda haraka: root asiingie moja kwa moja, fail2ban iwafungie nje wanaokosea mara nyingi, masasisho ya usalama yajiweke yenyewe, MariaDB, yaani hifadhidata ya tovuti, isikilize 127.0.0.1 tu (seva yenyewe), poti za nje zibaki 22 ya SSH, na 80 na 443 za tovuti. Cheti cha https nilichopata kwa Let's Encrypt kinaishi siku 90 na programu ya certbot hukihuisha yenyewe, lakini nikaendesha jaribio, `certbot renew --dry-run`, nione kweli kitahuishwa.

Tovuti sikuihamisha nzima nzima. Niliweka WordPress mpya, nikachukua maandishi na picha peke yake, na kabla ya hapo nikasaka kwenye folda ya picha kwa `find uploads -name '*.php'`. Yalitoka mafaili mawili, moja limepewa jina kama la picha. PHP ni lugha ya programu, na folda ya picha haina sababu ya kuwa nayo. Ningeyabeba, ningekuwa nimemhamisha mwizi pamoja na vyombo.

Ikabaki nakala rudufu. Kila usiku laptop yangu iliivuta hifadhidata kutoka kwenye seva. Nilitaka seva isiwe na njia ya kuifikia laptop, ili atakayeivamia asizifute nakala. Jumapili moja baada ya ibada nikasema ngoja niirudishe tovuti yote kwenye laptop, kama vile seva imekufa. Maandishi yakaja, bei zikaja, ila picha zote zikawa viboksi vitupu. Nilikuwa nanakili hifadhidata tu, folda ya picha nimeiacha. Nikaiongeza siku ile ile.

Jumapili iliyofuata nikairudisha upya tangu mwanzo, shemeji amekaa pembeni yangu. Picha zikafunguka zote, mpaka ile ya wapagazi wake wakipanda ukuta wa mwamba wa Barranco, huko Kilimanjaro.