Siku moja Kibirizi, Kigoma: mimi, dagaa na mbwa asiye na jina

Saa 11 alfajiri. Lindo naingia saa 12 ila mjeda hata akistaafu mwili ushazoea. Kwenye geti la uwanja wa kuanikia dagaa namkuta yule mbwa kajikunja mchangani, anafungua jicho moja, ananicheki, anafumba. Salamu zetu ndo hizo.

Saa 1 mitumbwi imesharudi, kina mama wanaanika, na kazi yake inaanza, kunguru. Mi nina rungu na filimbi lakini kunguru wa Kibirizi hawanijui, yeye akiinua kichwa tu wanaruka. "Afande, mbwa wako kanilia dagaa!" Mama sio wangu huyo. "Mbona anakufuata?" Hapo sina jibu. Labda ni 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa uvuvi miezi mitatu kuanzia 15 Mei, mbavu zake ungezihesabu, nikawa namgawia ugali.

Saa 4 chai na chapati. Kipande cha mwisho sili, hii tabia nimetoka nayo Sake, Kongo. Mwaka 2013 UN ilipeleka brigedi mashariki mwa Kongo, sisi, South Africa na Malawi, nami nilikuwemo. Lindo letu lilikuwa juu ya mawe meusi ya volkano, usiku baridi mpaka mifupa, akajileta jike mmoja sikio limekatika nusu, tukamwita Nusu. Amri ilikuwa hakuna kufuga, na ina maana yake, kichaa cha mbwa dalili zikishatokea ndo basi tena. Daktari wa kikosi alitukaririsha, ukiumwa osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 af wahi chanjo. Ndio afande! Usiku tunampa ukoko. We lindoni saa 9 usiku utaongea na nani, mwenzio stori zake zote unazijua, za nyumbani ukizianza utalia mbele ya mtu, Nusu ukimwambia hapeleki popote.

Siku ya kukabidhi kwa kikosi kipya karatasi zilikuwa na redio, mahema, masufuria mpaka vijiko. Nusu hayumo. Nikamnong'oneza dogo aliyeshika lindo langu, anapenda ukoko, sikio usimguse. Lori likaondoka, nikajua atatukimbiza. Wapi! Kashakaa mbele ya sufuria ya dogo. Iliniuma, sikatai.

Saa 9 mchana nimempeleka huyu wa hapa chanjo. Afisa mifugo anajaza kadi, jina la mwenye mbwa? Nikataja langu. Jina la mbwa? Nikakwama, maana jina ndo lililoniponza kule. Akaacha wazi.

Saa 12 jioni mlinzi wa usiku kafika, namwandikia kwenye kitabu: funguo 3, tochi 1, rungu 1, mbwa 1. Kasoma, kaniangalia.

"Kaka, na mbwa nasaini?"

"Saini."